Mkono wa Mama Léontine

Jioni ile nilitumwa chumvi.

Ilikuwa Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Martin imepita juzijuzi tu, na kesho yake tulikuwa tunachinja nguruwe. Mume wangu, Rémi, alikuwa ameshuka kijijini Saint-Ouvrin kumkumbusha mchinjaji. Mimi nilikuwa nimetoka kukamua. Nilipoingia jikoni nilimkuta mama mkwe wangu ameketi kando ya moto, kiganja amekikandamiza kifuani. Tangu mchana hakuwa ametia kitu mdomoni. Jasho lilikuwa linamtiririka, na moto wenyewe ulikuwa umebaki makaa.

"Ghislaine," akasema, "nenda kwa kina Beucher, waombe bakuli la chumvi ya mawe."

Nikamwambia tumngoje Rémi, huenda atapitia dukani. Akasema hapana. Nikasema basi nibadilishe kwanza nguo za zizini. Akasema niende hivyo hivyo, giza linaingia.

"Ukifika, omba chumvi. Usiseme kitu kingine."

Sikuona ajabu. Ndivyo alivyokuwa akiongea siku zote, kama mtu anayelipia kila neno. Kijiji kizima kilimwita Mama Léontine, hata waliomzidi umri. Alikuwa mfupi, mkavu, shungi jeusi halimtoki kichwani. Nilikuwa nimeolewa pale miaka miwili, na hakuwahi kunitukana wala kuninyima chakula. Lakini hakuwahi kunigusa pia. Hata siku ya harusi, wanawake wote waliponibusu mashavuni, yeye alisimama na mikono yake chini ya aproni, akanitazama tu, kama mtu anayepima kitambaa.

Nikachukua bakuli, nikavaa viatu vyangu vya mti, nikatoka.

Njia ya kwenda kwa kina Beucher ni ile ya zamani, iliyozama chini katikati ya kingo za udongo, mialoni imekutana juu kama paa. Siku hizi wageni wa kiangazi huja kuipiga picha. Wakati ule ilikuwa njia ya ng'ombe na ya majeneza, maana ndiyo iliyoelekea kanisani. Ukungu ulikuwa umeshaanza kujaa humo ndani. Kulikuwa na harufu ya matufaha yaliyooza chini ya miti na ya majani mabichi yaliyolowa. Nilisikia viatu vyangu vikinyonywa na matope, na bakuli likigongana na kifungo cha koti langu. Basi.

Nilikuwa na furaha kidogo, nikiri. Nilitaka sababu ya kumwona Mauricette.

Mauricette Beucher ndiye rafiki wa kwanza niliyempata pale. Wiki yangu ya kwanza kama mke wa watu alikuja na siagi kwenye jani la kabichi, akakaa mezani bila kukaribishwa, akaniuliza kama mama mkwe wangu ameshawahi kucheka. Nikasema bado. Akasema, "Ukimwona anacheka niite. Mvua itanyesha, nitaanika nguo siku nyingine." Tulifua pamoja, tukaokota matufaha pamoja. Mwanawe alipozaliwa alinipa mimi nimbebe kabla ya shangazi zake.

Lakini mwaka ule haukuwa mwema kwao. Ndama walizaliwa wamekufa, mmoja baada ya mwingine. Maziwa yalisukwa mpaka mikono inakufa ganzi, na siagi haikutoka, povu tu la kijivu lenye harufu ya kutu. Mumewe, Anselme, aliyekuwa akipanda ngazi ya dari la nyasi tangu utotoni, alianguka akavunjika mguu, na hakuweza kusema alikanyaga nini. Kisha mtoto akaanza kukonda. Daktari wa mifugo alikuja kutoka mjini, akachovya kidole hapa na pale, akaenda zake.

Watu wakaanza kusema wameshikwa. Neno hilo hilo, wameshikwa. Hakuna aliyesema na mchawi gani. Kwetu jina halitajwi.

Na Mauricette akaacha kuja kufua. Jumapili ile kanisani nilimsogelea, akainamisha macho akatazama viatu vyake. Niliumia sana.

Nilipotokea mwisho wa njia, mbingu ilikuwa bado ina weupe kidogo upande wa machweo. Nyumba yao ilikuwa imefungwa. Mbao za madirisha zimefungwa zote, usiku haujaingia. Mbwa hakuwepo kwenye mnyororo wake. Ng'ombe walikuwa zizini, nikawasikia, lakini hawakulia. Walikuwa wanapumua tu, kwa pamoja...

Moshi mzito ulitoka kwenye dohani, ukateremka ukutani badala ya kupanda.

Halafu harufu.

Siki. Siki inayochemka, na ndani yake nyama, lakini si nyama ya kupikiwa watu. Harufu ilinikaa kooni.

Kwenye kizingiti kulikuwa na mstari mweupe. Niliinama nikautazama. Ilikuwa chumvi. Nilikaribia kucheka. Nimekuja kuomba chumvi, na wenzangu wameimwaga chini.

Nikabisha.

Nikasogea karibu zaidi na mlango.

Nikabisha tena, nikaita, "Mauricette, ni mimi. Ghislaine."

Kiti kilikwaruza sakafu. Mtu akanong'ona. Mtu mwingine akamnyamazisha. Nikainama kwenye tundu la ufunguo, nikaona limezibwa kwa kitambaa. Chini ya mlango palikuwa na mwanga mwekundu wa moto, na katika mwanga huo vivuli vya miguu. Walikuwa wamesimama hapo hapo, upande wa pili wa ubao. Ningenyoosha mkono ningewagusa.

"Mama..." nilianza kusema, kisha nikakumbuka nilivyoagizwa. "Naomba chumvi. Bakuli moja tu."

Ndani, mtu alishusha pumzi. Kisha nikasikia sauti ya mwanamke mzee nisiyemjua, sauti ya mtu wa mbali, si ya upande wetu.

"Ameomba," ikasema. "Piga."

Ko.

Nyundo juu ya msumari, na msumari ukiingia kwenye kitu laini.

Na mimi nikachomwa kifuani.

Sijui niseme vipi ili nieleweke. Haikuwa kama kushtuka. Kilikuwa kitu chembamba, cha moto, kilichoingia hapa, chini ya titi la kushoto, kikaenda mpaka mgongoni. Bakuli lilinitoka mkononi. Nikataka kupiga kelele, pumzi haikuwepo.

Ko.

Nikaanguka kwa magoti juu ya ile chumvi.

Nilijaribu kuondoka. Naapa nilijaribu. Miguu ilikuwa yangu lakini haikunisikia. Nilikwaruza mlango kwa kucha, na ndani nilimsikia Mauricette akilia, akisema siye, huyu siye, huyu ni Ghislaine. Anselme naye anamwambia anyamaze, mtoto wao anakufa. Na yule mzee, bila haraka hata kidogo:

"Aliyekuja ndiye. Msimjibu. Msimpe."

Ko.

Mdomo wangu ulijaa ladha ya chuma. Nikaweka paji la uso kwenye ubao. Niliwaza jambo moja tu, la kijinga: Rémi atakuta nguo za zizini hazijafuliwa.

Hapo ndipo kitambaa kilipotolewa kwenye tundu la ufunguo. Nikasikia wakivutana ndani, kofi, kitu kikianguka. Kisha sauti ya Mauricette, karibu kabisa na sikio langu, mnong'ono wa mtu anayejua atakatishwa.

"Ghislaine. Nani kakutuma?"

Nilikuwa nimeshaanza kusema mara ya kwanza, sikumaliza. Sasa nikavuta pumzi yote iliyobaki.

"Mama mkwe," nikasema. "Léontine."

Ndani wakaacha kuvutana. 

Yule mzee akacheka kidogo, puani. Akasema taratibu, kama mtu aliyeona kosa kwenye ushonaji wake, "Kumbe. Hodari haji mwenyewe."

Ko.

Nikajikunja kungoja maumivu. Hayakuja.

Yalikwenda kwingine. Kutoka ng'ambo ya bonde, juu ya njia ile, nilikotoka mimi, nilisikia sauti. Ndefu. Ilianza kama ya mnyama, ikaishia kama ya mtu.

Ko... Ko...

Kila pigo, na sauti ile.

Nikainuka nikakimbia.

Viatu vilibaki njiani. Nilifika nyumbani kwa miguu mitupu, nimelowa matope mpaka mapajani. Mama Léontine alikuwa kitini pake, kama nilivyomwacha, wima. Lakini midomo yake ilikuwa ya buluu, na mikono imeshika magoti kwa nguvu mpaka vidole vimekuwa vyeupe.

"Chumvi iko wapi?" akaniuliza.

 Nilikwenda stoo kutafuta kitambaa cha kumfuta uso. Pipa la chumvi liko pale pale, nyuma ya mlango. Sijui ni nini kilichonituma nifunue kifuniko. Lilikuwa limejaa mpaka juu, halijatiwa hata kijiko.

Niliporudi alikuwa ananitazama, na alijua nimeona.

"Umenitaja," akanong'ona.

"Waliniuliza, mama."

"Najua."

 Rémi aliporudi na mchinjaji alitukuta hivyo, kila mtu kwenye kiti chake, moto umezimika.

Daktari alisema ni moyo. Alisema moyo wa mama yule umechakaa siku nyingi, na ajabu ni kwamba umefika hapo. Nilipomweleza kuhusu maumivu yangu, aliniuliza ndani ya ile nyumba walichemsha nini. Nikasema siki. Akasema moshi wa siki, hofu, na mwanamke ambaye hajala tangu asubuhi. Alinipa vidonge. Alikuwa mtu mwema, wala sisemi alikosea.

Siku iliyofuata siagi ilitoka kwa kina Beucher. Hilo nililisikia kwa watu kanisani. Ilitoka ya njano, nzito, kama ya mwezi Mei. Mtoto akaanza kunyonya.

Mauricette nilizungumza naye juu ya hayo mara moja tu baada ya hapo, mchana, kwenye kona ya shamba lao la matufaha. Alisimama upande wake wa uzio, nami upande wangu. Akaniambia walimleta mama mmoja kutoka ng'ambo ya mto Mayenne, kazi yake kutegua uchawi. Aliwafungia ndani, akachukua moyo wa ng'ombe, akasema ukipigwa misumari mchawi ataungua, na atakuja mwenyewe mlangoni kuomba kitu chochote, yai, kiberiti, chumvi. Akipewa, amepona. Akinyimwa, amekwisha.

"Halafu ukaja wewe," akasema.

Nikamuuliza alijuaje kuuliza nani kanituma. Akasema hakujua. Alisema tu kichwani mwake nilikuwa bado nimembeba mwanawe, na picha hiyo ilikataa kutoka.

Alitaka kusema kitu kingine. Kisha akatazama juu ya bega langu, kuelekea nyumba yetu, akajifunika shali, akaenda. Tulibaki majirani miaka yote hiyo. Tunasalimiana. Hatukuwahi kukaa meza moja tena.

Mama Léontine hakufa.

Yaani alikuwa anakufa, kila mtu aliona. Alilala kitandani chumba cha chini akaisha mpaka akabaki shungi na mifupa. Hakula. Padri alikuja akampaka mafuta, akasema ni leo au kesho. Padri akaja tena, akasema hivyo hivyo. Pumzi ilikuwa inakwenda inasimama, inakwenda inasimama... na katikati ya ukimya tunadhani tayari, tunapiga ishara ya msalaba, macho yanafunguka.

Na kila yakifunguka, ananitafuta mimi.

"Ghislaine. Nipe mkono."

Ndiyo maneno pekee yaliyobaki. Mwanamke ambaye hakunigusa miaka miwili. Alitoa kile kiganja chake juu ya shuka, kimefunguka kuelekea juu, kinangoja. Nilimpa maji, nikambadilisha shuka, nikamgeuza kwa kitambaa. Mkono sikumpa. Siwezi kusema nilijua. Mwili wangu ulijua.

Aliyeniambia ni Zélie, bibi aliyekuwa akiosha maiti wote wa Saint-Ouvrin. Alikuja mara mbili na kapu lake na mara mbili akarudi nalo. Mara ya pili alinivuta uani, penye kuni.

"Ana mzigo," akasema. "Lazima aukabidhi. Asipokabidhi haondoki."

Nikamuuliza mzigo gani.

"Usiniulize mimi. Naye alipewa na mtu. Nyumbani humu, unadhani ni mashamba tu wanayorithishana?"

Alimshauri Rémi atoe kigae kimoja juu ya paa, roho ipate njia. Rémi alipanda akakitoa. Mvua ikanyesha ndani, hakuna zaidi.

Rémi alikuwa mtu mpole. Hili lazima niliseme. Alikuwa na mikono mikubwa na aibu nyingi, aliongea na ng'ombe wake zaidi kuliko na watu. Nilimweleza yote, chumvi, mlango, misumari. Alisikiliza huku anachonga mpini wa jembe. Hakubisha, hakukubali. Lakini yule alikuwa mama yake, na kumsikia akihangaika vile kupitia ukuta kulikuwa kunamla.

Alinisihi mara moja. Akaniambia, "Mshike tu apumzike, Ghislaine. Ni mkono tu."

Nikamwambia nina mimba.

Ilikuwa kweli, na nilikuwa bado sijamwambia. Alinitazama tumboni. Kisha akatoka, nikamwona kupitia dirisha anaosha mikono kwenye pampu ya maji, taratibu, mpaka viwiko, kama anavyofanya akitaka kuja mezani siku ya sikukuu. Nilielewa. Nilikwenda nikasimama mlangoni pa chumba, nikamwambia asifanye. Alinisogeza kando kwa bega lake.

Akaketi kitandani. Akaweka mkono wake wa kulia kwenye kile kiganja.

Vidole vikafunga.

Nilidhani mama yule atafurahi. Macho yake yalifunguka, yakaona ni nani, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue niliona machozi yake.

"Si wewe," akasema. "Mwanangu... si wewe. Nilimtaka yeye."

Akajaribu kuutoa mkono. Nilimwona akijaribu. Haukutoka.

Akafa hivyo.

Ilibidi Zélie aje avifungue vile vidole, kimoja kimoja.  Rémi alikaa anatazama kiganja chake mbele ya dirisha, anakigeuza, kama mtu aliyechomwa na mwiba haoni umeingilia wapi.

Tangu siku hiyo mume wangu alikamua kwa mkono wa kushoto.

Hatukuzungumza habari hiyo. Alijifunza upya kila kitu, kukata mkate, kuandika, kujifunga vifungo. Hakumpa mtu mkono, na kijiji kikasema kifo cha mama kimempa kiburi. Binti yetu, Armelle, alipozaliwa, Rémi alimtazama kutoka mlangoni mpaka nilipomwambia aje. Alimbeba kwa mkono wa kushoto tu, ule mwingine ameuficha nyuma ya mgongo. Armelle alikua akimpenda baba yake kuliko mimi, na hakuwahi kushikwa na ule mkono.

Mara moja alisahau. Ilikuwa mnadani, wamekunywa kidogo mvinyo wa matufaha, Anselme Beucher akamtania juu ya kofia yake, na Rémi akacheka. Alicheka kwa moyo wote, akapiga shingo ya ndama wa Anselme kwa kiganja cha kulia, kama mtu yeyote anavyofanya. Nikamwona anaganda. Anselme naye akaganda.

Huenda yule ndama alikuwa mgonjwa tayari. Wanyama wa mnadani huambukizana, kila mtu anajua. Alikufa kabla ya wiki kwisha. Anselme hakuja kusema chochote, na hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi.

Rémi akaanza kuvaa glavu. Masika na kiangazi. Watoto wa kijiji walimwita Glavu, naye aliitika.

Tulizeeka. Kingo za udongo zikabomolewa, mashamba yakaunganishwa, mialoni ikakatwa, nusu ya nyumba za kijiji zikafungwa. Anselme alizikwa. Zélie alizikwa. Tuliuza ng'ombe. Nilianza kudhani yamekwisha, maana hapakuwa tena na kitu cha kudhuru.

Februari hii Rémi alilala. Mapafu. Hospitali walimrudisha nyumbani afie kwake, walisema wazi, ni suala la siku chache. Nikampangia kitanda chumba cha chini.

Siku chache zikapita. Zikapita nyingine.

Muuguzi anayekuja asubuhi alishangaa. Alisikiliza kifua, akatingisha kichwa, akasema babu ana roho ngumu. Mimi nilikuwa nasikia ile pumzi. Inakwenda inasimama... inakwenda inasimama. Naijua pumzi hiyo. Lakini yeye hakuomba mkono. Yeye alikuwa ameuingiza chini ya blanketi, chini ya paja lake, ameulalia, glavu na yote. Muuguzi alitaka kuutoa apime mapigo. Rémi, ambaye hakuwa na nguvu ya kumeza maji, alimwonyesha meno kama mbwa.

Alikuwa ameamua mzigo ukomee kwake. Atakaa humo ndani na mzigo ule mpaka achoke yeye au achoke Mungu.

Jana Armelle alipiga simu kutoka stesheni ya Rennes. Alikuwa anapanda treni. Alisema angefika jioni.

"Mwambie anisubiri, mama. Nataka nimshike mkono. Sijawahi kumshika mkono, unajua hilo? Nimewaza hilo tangu asubuhi."

Nikakata simu.  Alasiri ilikuwa na jua jembamba, na uani kuku walikuwa wanachakura chini kama siku yoyote.

Kisha nikaenda chumbani nikavuta kiti upande wa kulia wa kitanda. Nikaingiza mkono chini ya blanketi.

Alifungua macho. "Hapana," akasema. "Ghislaine, hapana."

Nilimwambia anyamaze. Nilimwambia mama yake alinitaka mimi tangu mwanzo, ule mkono ulikuwa wangu, yeye alinibebea tu. Nilimwambia amenibebea vya kutosha. Alijaribu kujigeuza, mzee wa watu, hakuwa na uzito wa kunishinda. Nikavua glavu. Kiganja kilikuwa cheupe, laini, kama cha kijana, kama cha mtu ambaye hakufanya kazi hata siku moja.

Kilifunga chenyewe.

Sikusikia maumivu. Nilisikia joto, kama ukishika bakuli la supu, likapanda mpaka kiwiko, likatulia hapo. Rémi alishusha pumzi, ndefu, na uso wake ukalegea mpaka nikamwona tena yule mvulana mwenye aibu aliyekuja kuniposa. Pumzi haikurudi.

Vidole nilivifungua mwenyewe.

Armelle alifika nikiwa nimeshamfunika baba yake shuka. Nilimpa shavu la kulia, kisha la kushoto, mikono yangu ndani ya aproni, naye kwa vile analia hakuona kitu. Tulikaa pamoja na baba yake mpaka taa zikawashwa. Akalaumu treni, akajilaumu mwenyewe. Mauricette alikuja kutoa pole, na fimbo yake, akasimama mlangoni tu. Alinitazama usoni, akanitazama aproni. Akasema ana miguu mibaya, hataingia.

Asubuhi hii Armelle amenipikia kahawa. Amekaa mbele yangu na macho yamevimba, akaniambia amekata shauri. Anaacha kazi Rennes, anarudi kukaa nami hapa nyumbani. Kwa baba alichelewa, akasema, kwangu hatachelewa. Siku yangu ikifika atakuwa kando yangu, atanishika mkono, na hatauachia.